Inchi Mbili

Teo alikuja kwangu Jumapili ya tatu baada ya kumzika baba yake. Akaweka mezani mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, akasema, "Ssenga, hiki baba alisema nikupe wewe mwenyewe, mkononi. Hata mtu akisema umemtuma, nisimpe." Ananiita Ssenga, yaani shangazi kwa Kiganda, ingawa mimi na baba yake hatukuwa wa damu moja wala dini moja. Baba yake, Kizito, ndiye aliyenipa cheo hicho siku binti huyu alipozaliwa, nami sikukikataa. Nikafungua fundo polepole, kwa kucha, badala ya kuchana mfuko. Ndivyo nilivyo, hata mfuko wa dukani nauhurumia. Ndani mlikuwa na daftari la jalada jeusi la kitambaa, lenye ukingo mwekundu. Nililitambua kabla sijaligusa, kwa doa la wino kwenye pembe ya chini, doa ambalo niliwahi kulisugua kwa maziwa, kwa ndimu na kwa sabuni, wakati sabuni yenyewe ilikuwa adimu kuliko nyama. Kwa zaidi ya miaka arobaini niliamini daftari hilo lilichomwa na wanajeshi. Kizito mwenyewe aliniambia hivyo, akinitazama usoni. Sikulifungua. Nilimwambia Teo akae, nikaenda kuchemsha chai, na huko jikoni nikasimama muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Wahindi kufukuzwa. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijua kazi moja tu, kunakili michoro ya majengo. Sikuisoma popote. Ofisi moja ya wasanifu ilipofungwa na wenyewe kuondoka, makaratasi yao yalitupwa uani, nami nikayaokota kwa mafungu, nikayakunjua juu ya mkeka na kuanza kuyafuata kwa penseli, mstari kwa mstari, mpaka mkono ukajua ukuta unavyochorwa, mlango unavyofunguka, ngazi zinavyopanda. Nilijifunza kama mtu anayekariri sura kwa lugha asiyoijua: matamshi kwanza, maana baadaye. Ndiyo sababu nilikuwa na hofu siku zote. Aliyefundishwa anajua mahali anapoweza kukosea bila jengo kuanguka. Mimi sikujua, kwa hiyo kila mstari kwangu ulikuwa nguzo. Nikikosea kwa wino nilikwangua karatasi kwa wembe, nikaandika tena, nikakwangua tena, mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu na kutoboka. Hapo nilianza upya karatasi nzima. Niliwahi kurudia mchoro mmoja mara saba, na ule wa saba haukuwa na tofauti yoyote na wa kwanza ambayo mtu mwingine angeiona.

Mwalimu Lubowa alikuwa na vijana sita aliowaandaa kwa mtihani wa usanifu, katika chumba cha ghorofa ya kwanza juu ya mafundi baiskeli. Aliniita ninakili michoro ya darasa. Nilikuja kwa kazi ya siku tatu, nikabaki mwaka. Nilianza kukaa nyuma na kusikiliza, nikijifanya nasubiri wino ukauke, mpaka siku moja akaniwekea meza bila kusema neno. Jina langu halikuandikwa kwenye orodha ya wanafunzi. Orodha ilikuwa na majina sita na sisi tulikuwa saba, na kila Mwalimu alipoita majina asubuhi, baada ya jina la sita alinyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu akaendelea na somo. Sijui kama wengine waliuona ule ukimya. Mimi niliishi ndani yake.

Chumba kile naweza kukichora hata leo kwa kipimo. Madirisha mawili yalitazama barabara. Moja lilikuwa na kioo na lingine lilikuwa na ubao. Kulikuwa na meza saba, nne kati yake zikiwa milango ya zamani iliyolazwa juu ya matofali. Harufu ya mpira wa baiskeli na gundi ilipanda kupitia nyufa za sakafu, pamoja na mazungumzo ya mafundi, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa redio yetu. Walisemezana juu ya chumvi iliyoonekana kwenye maduka ya Kikuubo na ikatoweka kabla ya foleni kufika mlangoni, na juu ya jirani wa fulani aliyeitwa barabarani na watu wenye miwani myeusi, akaingia kwenye gari lao akiwa amevaa ndara, na ndara moja ikabaki chini. Hayo waliyasema huku wakigonga. Nyundo zilipokoma ghafla, sisi juu tuliinua kalamu kutoka kwenye karatasi na kungoja. Ilimaanisha kuna gari limesimama nje. Nyundo zikianza tena, tulirudi kwenye mistari yetu. Mpaka leo, fundi akinyamaza mahali, mimi huinua mkono.

Kizito alikaa meza ya mbele yangu. Alikuwa Muganda wa Masaka, mrefu, mwenye miguu isiyotosha chini ya meza, na aliongea nami Kiswahili chake kilichopinda kwa sababu Kiganda changu, alisema, kilimuumiza masikio zaidi. Saa saba mchana yeye ndiye aliyeshuka kununua katogo, matoke yaliyopikwa na utumbo, akapanda nayo katika sufuria moja tuliyoizunguka kwa vijiko saba. Katika chupa ya zamani ya wino alificha sukari. Chai ilipomiminwa alinichotea kijiko, akasema kwa sauti ya daktari, "Dawa ya wasiwasi. Mara moja kwa siku. Ukizidisha utaanza kucheka."

Mradi wa mwaka ule ulikuwa shule ya msingi katika bonde moja upande wa Makindye, pale makazi yanapokutana na mafunjo ya kinamasi. Siku ya kwanza wote tulishika rula. Mwalimu akazikusanya, akazifungia kabatini. "Kabla hujachora ukuta," alisema, "nichoree maji. Yanatoka wapi, yanapita kwa nani, yanalala wapi. Jengo ni mgeni. Mgeni huuliza kwanza wenyeji wanalala upande gani." Kwa wiki sita hatukuchora hata mlango. Tulichora kichuguu kilichopasuliwa katikati, kuonyesha hewa ya moto inavyopanda na ya baridi inavyoingia chini. Tulihesabu magimbi yaliyopandwa ukingoni, maana gimbi halipandwi mahali maji yasipofika wala mahali yanapokaa mno. Tulichora korongo wenye taji mahali wanaposimama asubuhi na mahali wanapohamia mvua ikinyesha. Kizito alipewa vyura.

"Mimi nilikuja hapa kusoma kujenga hoteli," alininong'oneza. "Sasa mama yangu nauliza, Kizito, nasoma nini? Mimi nasema, Maama, iko vyura. Yeye nalia."

"Chora miguu ya nyuma vizuri," nikamwambia. "Hiyo imekuwa mifupi."

"Banange! Hata chura ya Mungu wewe narekebisha."

Mwenyeji wetu kule bondeni alikuwa Mama Faida, mkimbizi kutoka upande wa Bukavu, aliyesuka mikeka ya mafunjo na kukaanga muhogo mlangoni. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla ya kinamasi, na kwenye mwimo wa mlango wake kulikuwa na alama za mkaa, moja juu ya nyingine. Kila msimu wa mvua maji yakiingia, alingoja yatulie, akachora mstari. "Hii ni mwaka Faida alizaliwaka," alituonyesha. "Hii mayi ilikuyaka na nyoka. Na hii ya juu, ni kisha batu kukata miti kule mulimani. Mbele ya ile, mayi haikufikaka hapa hata siku moya." Mwalimu aliupapasa ule mwimo kama mtu anayesoma kwa vidole. Akasema sakafu ya shule lazima ikae juu ya mstari wa juu kabisa wa Mama Faida, juu ya nguzo, maji yapite chini yake na kwenda zake kwenye mafunjo, na mafunjo yaachwe yayachuje kabla hayajafika ziwani. Kwa mara ya kwanza niliona kitu kinachoweza kuwa sahihi kabisa: urefu wa sakafu uliotokana na alama ya mkaa.

Lakini ili kujua mlima na bonde vinaachana kwa kiasi gani, ilitubidi tupime. Hatukuwa na chombo cha kupimia ardhi. Kumiliki kimoja bila barua kulitosha kumpoteza mtu. Tulipima kama waashi wanavyopima, kwa mpira wa maji: bomba refu linalopitisha mwanga, limejazwa maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine ncha kule, na maji ndani yake yanasimama usawa mmoja hata kama kati yenu kuna kichaka. Unapima kutoka kwenye maji hadi chini, pande zote mbili, unaandika, unasogea. Mimi na Kizito tulitembea hivyo siku tisa, tukianzia kwenye mwimo wa Mama Faida, tukifuata mtaro kupanda. Mimi niliandika. Watu walituchukulia kuwa mafundi wa bomba, na mwanamke mmoja akaapa lazima tumletee maji kabla ya Pasaka.

Mwalimu alikuwa ametuwekea mpaka. Juu ya bonde kulikuwa na barabara ya lami, na ng'ambo ya barabara, kambi ya jeshi. "Mwisho wenu ni nyumba ya mwisho kabla ya barabara," alisema, akatuangalia mmoja mmoja. "Kutoka hapo kwenda juu, acheni karatasi nyeupe. Mtu akiuliza, mimi nitajibu." Wengine wakakubali. Mimi weupe ule haukuniacha nilale. Mtaro wetu ulitoka chini ya barabara, kwenye kalvati, na maji ya kalvati yalitoka kilimani. Ningewezaje kuchora mto usio na chanzo? Nilimwambia Kizito tupime mpaka kwenye kalvati tu, tusivuke. Akasema kale, yaani haya, twende, kwa sababu alijua nisipopima ningemwongelea kalvati mwaka mzima. Tulipima haraka haraka, Jumamosi mchana, kutoka alama ya rangi kwenye ukingo wa barabara hadi sakafu ya kalvati chini. Lori la wanajeshi lilipita tukiwa pale. Nilisoma utepe wa kupimia, nikaandika, tukashuka kwa njia nyingine tukiendelea kupima, mpaka tukarudi kwenye mwimo wa Mama Faida. Ndivyo vipimo vinavyokaguliwa: unarudi ulikoanzia, na hesabu inapaswa kurudi pale pale. Wenye kazi husema imefunga.

Haikufunga. Ilipishana inchi mbili.

Kizito alisema inchi mbili kwa mpira wa maji, kwenye bonde zima, ni muujiza, tuwaite mapadri. Mwalimu angesema vivyo hivyo kama ningemwonyesha, lakini sikuweza kumwonyesha, maana kalvati ilikuwa ndani ya hesabu. Ninaeleza hili ili nieleweke nilivyokuwa, si ili nihurumiwe. Inchi mbili zile ziliniingia kama mchanga machoni. Niliona maji yakipanda inchi mbili juu ya sakafu, nikaona miguu ya watoto majini, nikaona watu wakiuliza nani alipima, na mtu akijibu: yule msichana asiye kwenye orodha. Nilikagua daftari mara kumi. Lilikuwa safi, limeandikwa kwa wino, mistari imepigwa kwa rula. Ilikuwa nakala. Kurasa zangu za kwanza, za kule bondeni, zilikuwa na matope, nami sikuvumilia matope, kwa hiyo nilinakili kila kitu upya katika daftari hili zuri na kurasa zile chafu nikawashia sigiri ya makaa. Nikahitimisha kwamba kosa liko kwenye kalvati, kwa sababu pale ndipo nilipoogopa.

Jumanne asubuhi nilimwambia Kizito, "Kipimo kimoja tu. Kutoka alama ya rangi hadi sakafu. Utepe na mtu mmoja vinatosha."

"Mtu mmoja ndiyo mimi," alisema.

"Mimi nina wino mbichi mezani. Maonyesho ya darasa ni baada ya wiki mbili."

"Wino," akasema, akatikisa kichwa. "Na wewe naogopa."

"Naogopa," nikakiri.

"Basi sema naogopa. Wino iache." Akachukua utepe na daftari, akalitia daftari ndani ya shati. Mlangoni akageuka. "Saada. Nikirudi na hii inchi mbili, wewe nanipa sukari vijiko viwili."

Hakurudi saa saba. Mtu mwingine alishuka kununua katogo. Saa tisa nilirudi chumbani kwangu nikisema naumwa, na kweli niliumwa. Nilianza kupanga vitu, kama nifanyavyo nikiogopa: nikakung'uta mkeka, nikahamisha sigiri, na chini ya sigiri, kati ya majivu na ukuta, nikakuta ukurasa mmoja wa matope ambao moto haukuufikia. Ulikuwa ukurasa wa kalvati. Mwandiko wangu wa haraka, penseli, na kidole gumba changu cha tope pembeni. Futi tatu, inchi nane. Kwenye daftari safi nilikuwa nimeandika futi tatu, inchi sita. Kalvati haikuwa na kosa lolote. Kipimo kilikuwa sahihi tangu Jumamosi. Nilikosea mezani, nikiwa nimeketi, kwenye mwanga mzuri, nikifanya usafi.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka yote hiyo. Niliukunja ule ukurasa, nikauweka juu ya makaa, nikaupuliza mpaka ukashika.

Jioni ile Mama Faida alipanda mjini kwa miguu, na kikapu cha mikeka kichwani kama anayekwenda kuuza, akasimama chini kwa mafundi baiskeli mpaka Mwalimu akashuka. Niliwasikia kupitia nyufa za sakafu, maana nilikuwa nimerudi; sikuweza kukaa peke yangu. "Kijana yenu murefu," alisema. "Askari banamukamata, banamutosha chini ya barabara, alikuwa anachuchumaa mule ndani na ile kamba ya kupima. Bo banasema alikuwa anatega kitu. Banamupandisha kule." Mwalimu hakuuliza kijana gani. Akauliza kama alikuwa na kitu mkononi. "Kitabu," Mama Faida akasema. "Banamuuliza kitabu ya nani. Ye anasema yangu." Mafundi walianza kugonga wote kwa pamoja, ingawa hapakuwa na baiskeli iliyohitaji kugongwa.

Jumatano sikwenda kusema. Alhamisi sikwenda. Nilichora. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilichora kwa mkono uliotulia kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nguzo kumi na sita za shule, kila moja na kivuli chake, huku rafiki yangu akiwa kilimani kwa ajili ya tarakimu moja. Daftari halikuwa na jina. Nililiacha bila jina kwa sababu sikuwa kwenye orodha, na nikajiambia kwamba mtu asiye kwenye orodha hawezi kwenda kujitaja. Ijumaa Mwalimu alikuja mezani kwangu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwandiko ni wako. Tarakimu zile wanaziona ni siri za vita, na hakuna awezaye kuzieleza isipokuwa wewe. Mimi nakwenda kesho. Siwezi kukulazimisha." Nikamuuliza kama nikienda tutarudi. Akasema, "Sijui, mwanangu." Ni mtu mzima wa kwanza aliyewahi kunijibu hivyo.

Jumamosi tulikwenda. Mwalimu alivaa suti yake moja, mimi nikajifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, na mkononi nilibeba mpira wa maji uliokunjwa kama nyoka aliyelala. Tulingoja kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua likasogea mpaka kwenye magoti yetu. Afisa aliyetuita alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na upole huo uliniogopesha zaidi. Daftari langu lilikuwa mbele yake, limefunguliwa.

"Hii namba mingi, iko nini?"

Mwalimu alieleza: shule, watoto, maji ya mvua. Afisa alimsikiliza kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, dada? Hii kitabu ya nani?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelibeba tangu mlangoni, nililifanyia mazoezi njia nzima. Kinywa kikafunguka, nikasikia sauti yangu ikisema, "Ya darasa, afande."

"Ya darasa," akarudia. "Yule nasema yake. Nyinyi nasema ya darasa. Basi ngoja. Hii bomba napima namna gani? Nionyeshe. Meza yangu iko sawa?"

Askari mmoja akaleta birika la maji. Nilimimina, nikatoa mapovu kwa kugonga bomba kwa kucha, kama kawaida, na mikono ikafanya kazi yake bila mimi. Nilimpa afisa ncha moja. Alisimama upande wake wa meza akiishika kwa vidole viwili, mimi upande wangu, na maji yakapanda, yakashuka, yakapanda, sote wawili tukiyatazama, mpaka yakatulia. Nikapima. "Upande wako uko chini, afande. Nusu inchi."

Askari mlangoni alicheka, halafu akaacha. Afisa aliinama akatazama mguu wa meza. "Mimi nasema kila siku," aliwaambia, "kalamu nakimbia. Nasema, nyinyi nasema hapana." Akakunja bahasha, akaisokomeza chini ya mguu, akanitaka nipime tena. Nikapima. Ilikuwa sawa. Akafunga daftari langu, akaliweka kwenye droo. "Nendeni. Mtu yenu nitaangalia."

Alirudi Alhamisi, siku ya kumi, kwa miguu, mpaka chini kwa mafundi baiskeli. Nyundo zilinyamaza na sisi tukainua kalamu, kisha tukasikia hatua zake kwenye ngazi, polepole, moja moja. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa kwenye kijiti. Aliketi mahali pake. Nikachukua ile chupa ya wino, nikatia vijiko viwili kwenye chai, nusu ikamwagika mezani. "Daftari?" nikauliza, na ninajua lilikuwa swali la mtu mbaya. "Walichoma," akasema. "Mbele yangu. Kwisha." Akanitazama usoni. "Usiulize tena, Saada." Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Ushahidi wa pili ulikuwa umeungua kama wa kwanza.

Maonyesho yalifanyika. Wageni watatu walikuja, wakapita meza hadi meza. Mchoro wangu ulikuwa na bonde, mafunjo, korongo, magimbi, shule juu ya nguzo, alama za Mama Faida zikiwa zimepanda ukutani kama ngazi, na juu ya barabara, weupe mtupu. Mgeni mmoja aliweka kidole pale akauliza kuna nini. "Ukungu," Mwalimu akajibu. Mgeni akatazama dirisha la ubao, akasema, ndiyo, kilima kile kina ukungu sana, akasonga mbele. Shule haikujengwa. Kizito hakufanya mtihani. Vidole havikunyooka tena. Alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, akafundisha useremala Masaka miaka thelathini, na meza zake zilisifiwa kwa kutoyumba. Nilipata cheti changu miaka mingi baadaye, nikafanya kazi, nikajenga majengo ambayo hayajaanguka. Tulionana kila Idi na kila Krismasi. Ukweli wangu ulifika kinywani mara nyingi na mara zote nikaumeza, nikijiambia: hajui kwamba alikwenda bure, kwa nini nimjulishe? Nilifikiri ninamtunza.

Chai ilikuwa imechemka mpaka imekauka nusu. Niliimimina, nikarudi sebuleni, na mbele ya Teo nikalifungua daftari. Kurasa zilikuwa safi kama nilivyoziacha, wino wangu, mistari ya rula. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kalvati. Inchi sita yangu ilikuwa imekatwa kwa penseli, na pembeni yake, kwa mwandiko wa Kizito wa wakati ule, mwandiko wa mkono wa kulia, kulikuwa na nane. Chini yake alikuwa amejumlisha upya safu yote, akiwa amechuchumaa ndani ya kalvati, magari yakipita juu ya kichwa chake, mpaka mwisho wa hesabu, na mwisho wa hesabu palikuwa na sufuri na neno moja: *Imefunga.* Alijua kabla hawajamkamata. Kipimo alichokipata ni kile kile tulichokisoma wote wawili Jumamosi, kwa hiyo alijua kosa lilikuwa la kalamu yangu. Alikaa nalo siku kumi kule juu, akaliomba daftari walipomwachia au akalichukua, sitajua, akashuka nalo ndani ya shati, akapanda zile ngazi na kuniambia limechomwa.

Teo alikuwa akisoma kichwa chini, kutoka upande wake wa meza. Ana macho ya baba yake na subira ya mtu mwingine. "Wakati anaumwa alisema kitabu hiki ni chake," alisema. "Alisema mara mbili, kama mtu anabishana. Lakini mwandiko huu si wake, isipokuwa hii penseli." Akaweka kidole chini ya tarakimu sita, juu ya ule mstari mwembamba ulioikata. "Ssenga, hiki kitabu ni cha nani?"

"Changu," nikasema. Nikavuta kiti nikakaa, nikaanza kumweleza.